Sarafu Kongwe Zisituponyoke Madukani

Wiki chache zilizopita tulisimama katika duka moja la rejareja hapa mjini, tukingoja zamu yetu nyuma ya bi mkubwa mmoja aliyekuja kununua sukari na sabuni. Alifungua pindo la kanga, akazihesabu sarafu zake polepole, akalipa, akenda zake. Kijana wa dukani alizimimina katika mtoto wa meza bila ya kuzitazama. Tuliporudi siku ya pili tulikuta ugomvi. Wakati wa kufunga hesabu ilibainika kwamba moja ya sarafu zile nyeupe haikuwa ya shilingi 500. Mahali pa nyati palikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima, na mahali pa sura ya Marehemu Mzee Karume palikuwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza. Mwaka ulioandikwa ulikuwa 1942.

Mwenye duka alimkata kijana shilingi 500 kwa uzembe wake. Asubuhi akatokea muuza vitu vya kale, akaitaka ile sarafu kwa shilingi 10,000. Hapo mwenye duka akakumbuka ghafla kwamba kila kilichomo katika mtoto wa meza ni mali yake. Kijana naye akajibu kwamba yeye ameshailipia. Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walimsahau bi mkubwa.

Hatuandiki haya ili kumfedhehesha mtu. Tunayaandika kwa sababu jambo hili hutokea Unguja na Pemba mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Tangu sarafu ya shilingi 500 ilipoingia katika mzunguko mwaka 2014, sarafu kongwe zimepata njia ya kurudi madukani, kwa kuwa shilingi ya zamani inakaribiana nayo kwa upana na kwa weupe. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, na hata shilingi yetu ya kwanza ya mwaka 1966 yenye mkono ulioshika Mwenge, hupita kwa urahisi katika kiganja cha mwenye haraka. Ndugu zetu wauzaji wanaweza kuzitambua kwa sumaku ndogo tu: sarafu ya 500 ni chuma kilichovikwa nikeli na hunaswa, lakini zile za zamani hazinaswi.

Inafaa wananchi waelewe wanachokishika. Visiwa hivi vimetumia fedha za namna nyingi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipigisha pesa za shaba zenye picha ya mizani, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1908, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud, zikatolewa sarafu za senti 1, senti 10 na senti 20 zenye picha ya mnazi. Mwaka 1936 Zanzibar iliingia katika Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, na kila rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kisha ikaja Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966 na fedha yetu wenyewe. Kila mabadiliko yaliacha masalia yake katika vijaluba, katika makopo ya misumari na chini ya magodoro.

Ujinga wa mambo haya ndio unaowatajirisha walanguzi. Pesa ya mizani imeandikwa mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Yeyote aliyekaa chuoni japo mpaka Juzuu Amma anajua kwamba huo ni mwaka wa Hijra, ambao ulianza mwishoni mwa 1881. Lakini tumesikia kwa masikio yetu mgeni akielezwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwamba sarafu ile ina umri wa zaidi ya miaka mia saba! Mgeni aliyeuziwa uongo leo atauambia ulimwengu kesho kwamba Wazanzibari ni waongo. Na ukweli ni kwamba pesa ya mizani si adimu hata kidogo. Zilipigwa kwa wingi na bado zimejaa. Ya mnazi ndiyo haba, na mara nyingi hiyo ndiyo inayotolewa kwa bei ya kashata kwa sababu haina sura ya ukale wa kumvutia mtu.

Vivyo hivyo kuhusu senti zenye tundu katikati. Baadhi ya vijana wanaamini kwamba ile ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane ni utajiri, eti kwa kuwa mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja katika kiti. Mfalme alikuwa wa muda mfupi, lakini senti zake zilikuwa nyingi, na thamani yake ni ndogo. Hata shilingi ya simba iliyozusha ugomvi tuliousimulia si hazina: zilizopigwa kabla ya 1947 zina robo tu ya fedha halisi, robo tatu zilizobaki ni madini ya kawaida.

Tuongeze onyo moja. Kijana yule alikuwa tayari ameshika ndimu na jivu ili aing'arishe. Tulimzuia. Sarafu kongwe ikisuguliwa huondoka ngozi yake, na mjuzi akiitazama huiweka kando.

Je, sarafu iliyotolewa kwa makosa ni ya nani? Tulipoombwa tuamue, tulisema ni ya bi mkubwa mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Alikusudia kutoa shilingi 500, hakukusudia kutoa kumbukumbu yake. Mwenye duka hakupendezwa. Alisema biashara haiwezi kuendeshwa kwa kumfuata kila mteja nyumbani, na hatukatai kwamba ana kazi nyingi. Lakini mteja huyu anajulikana mtaani, na nyumba yake haikuwa mbali.

Sasa tunawageukia wahusika serikalini. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wachimbuzi walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na chache za dhahabu, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa mwambao wetu. Ulimwengu wa wasomi ulishtuka, kwani zilithibitisha kwamba watu wa hapa walipiga fedha yao karne nyingi kabla ya mkoloni. Kilichofukuliwa ardhini ni amana ya taifa, na haifai hata kidogo kionekane katika kaunta ya duka. Lakini hiki kinachotoka katika pindo la kanga hakina wa kukipokea. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na mwananchi mwenye sarafu mkononi haelewi agonge mlango gani.

Hatuombi jengo jipya wala kamati. Tunaomba meza moja Unguja na moja Pemba, na ofisa mmoja katika kila meza anayesoma Kiarabu na Kiingereza, daftari la kuandikia, na ruhusa ya kumlipa mwananchi bei ya haki pale kitu kinapostahili kuhifadhiwa. Pale kisipostahili, aambiwe ukweli na arudishiwe chake. Gharama ya meza hizo haifikii posho za semina moja.

Kijana aliipeleka ile shilingi kwa bi mkubwa alasiri ileile, naye akarudishiwa shilingi 500 zake. Bi mkubwa alisema ilikuwa miongoni mwa shilingi saba alizoachiwa na mama yake, na kwamba macho yake siku hizi hayamtendei haki. Tulimuuliza kama angekubali kuionyesha Serikali. Alijibu kwamba hana kizuizi, ila aambiwe ofisi iko wapi, kwani miguu yake haina nguvu za kuzungushwa. Hatukuwa na la kumjibu. Mpaka tunapoandika safu hii shilingi yake imo ndani ya kijaluba, pamoja na wenzake sita.