Fleti ya vyumba viwili Mwanza: Hati kwanza, vyumba baadaye

TANGAZO la "nyumba inauzwa" si kitu kigeni jijini Mwanza. Zamani mnunuzi akiliona alijua anauziwa nyumba pamoja na kiwanja chake. Siku hizi huenda kinachouzwa ni fleti moja ndani ya ghorofa: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo, Kirumba au Isamilo, hatua chache kutoka katikati ya jiji.

Mkulima wa pamba wa Magu, mfanyabiashara wa mpunga wa Sengerema na mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba wote wanaweza kuvutiwa na tangazo hilo. Bei ya pamba hupanda na kushuka, dagaa wakinyeshewa huharibika, lakini nyumba haiozi. Wazo hilo si baya. Hatari ni kununua fleti kwa mazoea ya kununua kiwanja.

Anayenunua kiwanja huoneshwa mipaka, majirani wakishuhudia. Fleti haina mipaka yake ardhini. Chini yake anaishi mtu, na juu yake mwingine. Ngazi, paa, tangi la maji, shimo la maji taka na eneo la kuegesha magari ni vya wote. Kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo, jengo hugawanywa kisheria, kila fleti ikapata hati yake, na wenye fleti wakaunda umoja wa kusimamia vile vya pamoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Iwapo jengo halijagawanywa hivyo, hati iliyopo ni moja tu, ya kiwanja kizima, na ina jina la mwenye jengo. Mnunuzi hubaki na karatasi ya mauziano, hata kama ina muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenye jengo akiwa ameliweka rehani benki na akashindwa kulipa, benki itaidai mali iliyoandikwa kwenye hati. Jasho la misimu kumi laweza kupotea kwa deni la mtu mwingine.

Hivyo swali la kwanza kwa dalali lisiwe bei, bali hati ya fleti yenyewe. Ikioneshwa, mnunuzi aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi ili ajue mmiliki ni nani, kama kuna rehani au zuio, na miaka mingapi imebaki. Hati hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99. Na kama fleti ni makazi ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aiuze bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe.

Swali la pili ni la hesabu. Kwa mfano, fleti ikinunuliwa kwa Sh90 milioni na kupangishwa kwa Sh400,000 kwa mwezi, ikakaa bila mpangaji mwezi mmoja kila mwaka, mapato ni Sh4.4 milioni. Mchango wa ulinzi, usafi na pampu ya maji ukiwa Sh50,000 kwa mwezi, hubaki Sh3.8 milioni. Kwa mwendo huo mtaji utarudi baada ya zaidi ya miaka 23, kabla ya kodi na matengenezo. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alinganishe hesabu hiyo na ya mashine yake.

Wapo pia wanaotaka fleti ili wapate pa kulala wajapo mjini. Hao wakumbuke kwamba tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Mtu wa Sengerema anaweza kuuza mzigo Mwanza na kurudi kwake siku hiyo hiyo bila kusubiri kivuko.

Wenye majengo nao wana wajibu. Anayetaka kuuza fleti moja moja agawanye jengo lake kisheria kwanza, ndipo atangaze. Halmashauri za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zingefanya vyema kuwaelimisha wananchi kuhusu sheria hii, kwa kuwa wengi hawaijui.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fleti, daftari ni hati.