Umeme ukikatika, moto unabaki: hatari iliyo ndani ya mashini za kukausha mavuno

Chupa ya plastiki inayotupwa katika mufereji mjini Bukavu inaweza kuunguza chai ya mulimaji wa Kabare. Inaonekana kama mzaha, lakini njia yake ni fupi. Mvua inabeba chupa mpaka ziwani Kivu, maji inaisukuma mpaka kwenye mitambo ya Ruzizi, takataka zinaziba fasi maji inapitia, turbini inasimama, umeme unakatika. Katika kiwanda chenye kukausha mavuno, vantilateri nayo inasimama. Ila moto wa kuni hausimami. Hapo njo hatari inaanzia.

Katika majimbo ya mashariki, watu wengi wakisikia mashini ya kukausha imeungua wanasema aliyekuwa zamu alitia kuni mingi. Mara moja moja ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si moto kuwa mkali, kosa ni hewa kusimama. Tofauti hiyo ina maana kubwa, juu inaonyesha fasi gani makuta ya usalama inapaswa kwenda.

Maji njo inalinda mavuno

Mashini ya kukausha inafanya kazi hivi: tanuru inapasha mabomba ya chuma, vantilateri inasukuma hewa safi kupitia kando ya mabomba hayo, kisha hewa ya moto inaingia katika chumba chenye chai, kahawa ao kakao. Moshi unatoka kwa njia yake ya pembeni, haupaswi hata kidogo kukutana na mavuno.

Chai inapoingia kwenye mashini, karibu sehemu 70 kwa 100 za uzito wake ni maji. Inapotoka, inabakia sehemu 3 tu. Maana yake, katika kilo 100 za chai mbichi, karibu kilo 69 za maji zinaondoka na hewa. Hewa inayoingia inaweza kuwa na digrii 100 na zaidi, lakini jani lenyewe halifiki huko, sababu maji yanayopanda yanabeba joto. Ni sawa na sufuria jikoni: maji ikiwa ndani, sufuria haiungui. Maji ikiisha, dakika chache zinatosha.

Kwa hiyo fundi mwenye akili haangalie termometa moja tu. Anaangalia ya hewa inayoingia na ya hewa inayotoka. Kama joto la kutoka linapanda wakati lile la kuingia halijabadilika, ni alama kwamba mavuno yamekwisha kukauka, ao kwamba yanaingia kidogo sana. Hapo mavuno hayana tena kinga. Kiwanda chenye termometa moja, ao chenye termometa iliyokufa tangu zamani, kinaendesha mashini macho yakiwa yamefungwa.

Dakika za kwanza kisha umeme kukatika

Delestaji ikipiga, mambo matatu yanafuatana. La kwanza, mabomba ya tanuru yanaendelea kupata joto bila hewa ya kuyapoza. Chuma kinakuwa chekundu, kinapindika, siku moja kinapasuka. Kisha hapo moshi unaingia kwenye chai kila siku, na hakuna anayejua harufu inatoka wapi. La pili, mavuno yaliyo ndani yanabaki yamelala juu ya sahani ya moto. Yale ya chini yanaanza kuungua pole pole, bila ndimi za moto, kama makala iliyofunikwa na majivu.

La tatu njo baya zaidi: umeme unarudi. Watu wanafurahi, mtu anabonyeza swichi, vantilateri inavuta hewa kwa nguvu juu ya ile makala iliyofichama. Kile kilichokuwa kinafuka tu kinawaka. Kila mama anayepepea imbaula anajua jambo hilo, lakini ndani ya kiwanda watu wanalisahau.

Ndiyo maana kanuni ya mafundi ni fupi: vantilateri inawashwa ya kwanza, inazimwa ya mwisho. Umeme ukikatika, kuni haitiwi tena, mlango wa hewa wa tanuru unafungwa, kifuniko cha dharura kinafunguliwa ili joto litoke juu, na mavuno yanatolewa nje ya mashini. Umeme ukirudi, mtu anaangalia kwanza kama kuna kinachofuka ndani. Kisha hapo njo anawasha.

Kuna pia dawa isiyo ya bei kali kama wengi wanavyofikiri. Viwanda vingi vinakosa grupu yenye nguvu ya kuendesha kiwanda kizima, basi vinaacha kabisa. Lakini kwa kuokoa mashini, haiombwe kuendesha kiwanda kizima. Inaombwa grupu ndogo ya kuendesha vantilateri peke yake, mpaka tanuru ipoe. Mazutu yake si mingi, na bei yake haifikii ile ya mabomba mapya.

Kila mavuno na joto lake

Kahawa iliyooshwa, ikiwa bado katika ganda lake la ngozi, haipaswi kupita digrii 40. Kakao inaombwa ibakie chini ya digrii 60, na isikaushwe mbio, juu ukali wa uchachu unafungiwa ndani ya mbegu. Kwa hiyo ku Idjwi na Kalehe, meza za kukaushia kahawa kwenye jua bado ni njia nzuri. Hata kakao ya Beni, Mambasa na Irumu, sehemu kubwa inakauka juani. Lakini mvua ikikawia, wanunuzi wanawasha moto, na hapo mashini yenye bomba iliyopasuka inaharibu kazi ya miezi mingi.

Hasara hiyo si ndogo. Mwezi wa 12, 2024, bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12.000 kwa tani moja, mbele ya kushuka tena. Ulaya nayo imeweka kipimo cha juu cha sumu zinazotokana na moshi katika vyakula vya kakao. Mfuko wenye harufu ya moshi unakataliwa ao unapunguziwa bei, na mwishoni mulimaji njo anayelipa, hata kama hajawahi kuona hiyo mashini kwa macho.

Joto lisilotoka kwenye moto

Kuna joto lingine ambalo halihitaji kuni. Katika mtindo wa CTC, uliobuniwa kule Assam, inchini India, miaka ya 1930, majani yanapita kati ya silinda mbili zenye meno, moja ikizunguka karibu mara kumi kuliko mwenzake, na yanageuka punje ndogo. Meno yakiwa butu, mashini haikati tena, inasugua. Majani yanatoka ya moto na yanaharibika mbele ya kufika kwenye mashini ya kukausha.

Ni vile vile kwa wanaotengeneza chakula cha kuku cha punje punje. Unga unaposukumwa kwa nguvu katika matundu ya chuma, punje zinatoka zenye joto kali. Zikitiwa mufukoni mbele ya kupoa, zinatoa jasho, zinaota kuvu, na rundo kubwa linaweza kujipasha lenyewe kwa ndani.

Tena kuna rulema, kile chuma cha duara chenye vigololi ndani kinachobeba mhimili wa mashini. Tarehe 7 mwezi wa 2, 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka. Watu 14 walikufa. Wachunguzi wa serkali ya Marekani waliona kwamba mlipuko wa kwanza labda ulianzishwa na rulema iliyopata joto kupita kiasi, ndani ya mkanda wa kubebea sukari uliofunikwa. Vumbi ya sukari iliwaka, mtikisiko ukaangusha vumbi ingine iliyolala juu ya mihimili na dari, nayo ikawaka. Vumbi ya unga wa mahindi, ya mihogo na ya chai zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo ufagio na mafuta ya rulema ni vyombo vya usalama, si kazi za kupoteza wakati.

Nani atasimamia?

Kanuni ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inamuomba mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Ofisi za serkali kama OCC na ONAPAC zinaangalia mavuno yanayotoka. Lakini mfuko wa chai hausemi kama vantilateri ina grupu ya akiba. Anayeweza kuona hayo ni mkaguzi wa kazi anayeingia ndani ya kiwanda, na katika teritware nyingi wafanyakazi hawajui hata sura yake.

Vita imezidisha uzito. Kisha M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, mabenki zilifunga milango, na vyombo vya kubadilisha vikawa vya kutafutwa mbali na kulipwa makuta mukononi. Katika hali kama hiyo, wenye viwanda wanavutwa kungojea: rulema inayopiga kelele itavumilia mwezi mmoja tena, termometa itanunuliwa msimu ujao. Hesabu hiyo inadanganya. Kiwanda kikiungua wakati huu, hakuna asuransi wala benki ya kukisimamisha tena haraka, na walimaji wanabaki na majani yanayooza.

Mitambo ya Ruzizi haitakuwa mipya kesho, na chupa hazitaisha ziwani mwaka huu. Kuunganisha kuni, hewa na umeme katika mashini moja kunaomba mtu akubali tangu asubuhi kwamba umeme utakatika, na apange kila kitu juu ya saa hiyo. Mambo manne hayangojee Kinshasa: termometa mbili zinazofanya kazi, grupu ndogo ya vantilateri, ufagio wa kila jioni, na karatasi iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili, inayosema nani anafanya nini umeme ukikatika. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wana haki ya kuuliza karatasi hiyo iko fasi gani.