MAJIRANI ZETU: Jiwe Litiwapo Pumzi

Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" yajulikana na kila mtu wa pwani, lakini ni wachache miongoni mwetu waijuao nyumba ya ibada ya huyo Baniani. Twapita mbele ya mahekalu yao kisiwani Mombasa, twasikia kengele, kisha twasema, "Hawa waabudu mawe," na maneno yakaishia hapo. Lau tungewauliza wenyewe, wangetujibu kuwa jiwe tupu haliabudiwi hata kwao. Sanamu itokapo mkononi mwa fundi ni kazi ya fundi tu, kama ulivyo mlango wa nakshi katika Mji wa Kale.

Ibada ya kuibadili hali hiyo huitwa prana pratishta, yaani kuikalisha pumzi, nayo huchukua siku kadhaa. Sanamu hulazwa majini, kisha hulazwa katika nafaka. Mkulima ataona upesi maana yake. Moto mtakatifu huwashwa, ukatiwa samli na nafaka huku makuhani wakisoma kwa Kisanskriti. Mara nyingi sanamu hupitishwa mjini kwa maandamano, kama mgeni anayeonyeshwa mji atakaokaa. Huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Halafu kuhani hugusa viungo vyake kimoja kimoja, akiviombea uhai. Macho huachwa mpaka mwisho: hufunguliwa kwa kijiti cha dhahabu, na mbele ya uso huwekwa kioo, kwa kuwa mtazamo ule wa kwanza huaminiwa kuwa na nguvu isiyofaa kumwangukia binadamu.

Tangu saa hiyo, kwa imani yao, aliyealikwa amekwisha kuingia, na haki zake ni za mwenye nyumba. Asubuhi huamshwa, huogeshwa, huvikwa, huandaliwa chakula, usiku hulazwa. Ukifika katika hekalu la Swaminarayan wakati wa adhuhuri ukakuta pazia limefungwa, usidhani umefukuzwa. Ni saa ya mapumziko.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye uzito wa jambo hili. Sanamu ya udongo ya Ganesha hualikwa kwa siku chache tu, kisha huagwa na kutiwa majini. Ile ya hekaluni haiagwi hivyo. Anayeikalisha hujifunga kuitumikia kila siku, yeye na watoto wake baada yake. Basi mwaka 1955, Yogiji Maharaj alipokuja kutoka Bara Hindi na kuliweka wakfu hekalu la Mombasa, la kwanza la madhehebu yake katika Afrika, watu wale waliokuwa wakihesabiwa kuwa wafanya biashara wapitao njia walikuwa wamejifunga na nchi hii kwa kifungo ambacho hakikuandikwa katika karatasi ya serikali. Wengi wao walihama katika miaka ya 1960 na baadaye. Lakini ilibidi wabaki wa kuamsha na kulaza. Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwaka 2017, miaka 62 baada ya ibada ile.

Msomaji asiyachanganye mahekalu haya na lile la Wajaini lililoko Barabara ya Langoni, katika Mji wa Kale, lililojengwa mwaka 1963. Wajaini nao wana ibada ya kufungua macho ya sanamu, na jina lake, anjanshalaka, lina maana ya kijiti cha wanja. Hata hivyo, hawasemi kwamba kuna aliyeingia katika jiwe. Walimu wao wakuu 24 wamekwisha kuepukana na dunia, hawaitwi wakaja. Sanamu huwekwa ili anayeitazama aukumbuke utulivu wao naye autafute.