Hoteli za bei ya siri: Kwa nini jina hufichwa hadi ulipe?

Tovuti inakuonyesha mtaa, idadi ya nyota, alama zilizotolewa na wageni waliotangulia, na bei iliyokatwa. Kitu kimoja tu hakipo: jina la hoteli. Utaliona ukishalipa, na ukishalipa hakuna kurudi nyuma.

Mtaani wanaita huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo, biashara hii imedumu kwa zaidi ya miaka 25, na wengi waliofungua gunia wamemkuta mbuzi mzima. Sasa kama chumba ni kizuri na bei ni chee, hoteli inaficha nini?

Kinachofichwa hasa ni bei, wala si chumba.

Ilivyoanza

Mwaka 1998, kampuni ya Priceline iliyoanzishwa na Mmarekani Jay Walker ilileta mtindo wa mteja kutaja bei mwenyewe. Ulichagua mji, eneo na kiwango cha nyota, ukaandika kiasi unachotaka kulipa na kuacha namba ya kadi. Ikitokea hoteli imekubali, pesa ilikatwa hapo hapo, ndipo ukaambiwa unalala wapi.

Hotwire, iliyoanzishwa mwaka 2000 huku mashirika ya ndege ya Marekani yakiwa miongoni mwa wawekezaji wake, iligeuza mambo: bei inaonekana, jina ndilo linalofichwa. Mtindo huo ndio uliokuja kushika. Leo Priceline nayo inauza hivyo, na Uingereza lastminute.com ina hoteli zake za siri.

Kama kiti cha daladala

Chumba ambacho hakikuuzwa leo usiku hakiwezi kuwekwa stoo kikauzwa kesho. Ni sawa na kiti cha daladala: gari likishaondoka, nauli ya kile kiti kitupu imepotea. Ndiyo maana konda anayeona gari linaondoka nusu yuko tayari kushusha nauli.

Ila konda akitangaza nauli ya chini kwa sauti, hata abiria aliyekuwa tayari kulipa nauli kamili atadai hiyo hiyo. Hapo ndipo hoteli inapokwama. Ina vyumba vitupu, lakini ina pia mgeni wa kikazi anayelipiwa na kampuni, ambaye hajali sana bei. Huyo hatakubali kulala asikokujua. Anataka hoteli iliyo jirani na mkutano wake. Anayebana matumizi atakubali.

Kwa hiyo siri inafanya kazi ya chujio. Inawatenganisha wateja wawili wa chumba kile kile, kila mmoja akalipa bei yake, bila ya mmoja kujua ya mwenzake.

Mkono mmoja unafunga, mwingine unafungua

Kuna sababu ya pili, nayo imo kwenye mikataba. Kwa miaka mingi tovuti kubwa za kuuza vyumba zilizibana hoteli kwa masharti ya usawa wa bei: usiuze hadharani kwa bei ya chini kuliko unayotupa sisi. Hoteli iliyotaka kushusha bei bila kuvunja masharti hayo ilihitaji mlango wa nyuma. Bei isiyo na jina ni mlango huo.

Priceline iliinunua Booking.com mwaka 2005, na leo zote mbili ziko chini ya kampuni mama ya Booking Holdings. Booking.com ilikuwa miongoni mwa waliotumia masharti hayo, huku ndugu yake akiuza punguzo la siri.

Ulaya mambo yamebadilika. Ufaransa ilipiga marufuku masharti hayo kwa hoteli mwaka 2015. Mei 2024, Umoja wa Ulaya uliiweka Booking chini ya sheria yake ya masoko ya kidijitali, ambayo hairuhusu kuwabana wauzaji namna hiyo. Septemba mwaka huo huo, mahakama ya juu ya umoja huo ilikataa hoja kwamba masharti hayo ni ya lazima ili tovuti iweze kufanya kazi.

Je, siri itakufa? Si rahisi. Hata mkataba ukiondoka, hoteli ya kifahari bado haitaki jina lake lionekane kando ya bei ya kutupwa. Leo ikionekana inauza nusu bei, kesho nani atakubali kulipa bei kamili?

Hatari inamhamia mgeni

Punguzo hili halitoki bure. Mgeni analilipia kwa kukubali mambo ambayo kwa kawaida angeyakataa:

- Pesa hairudishwi, na tarehe hazibadilishwi. Ukiugua au safari ikivunjika, imekula kwako.
- Aina ya kitanda haihakikishwi. Marafiki wawili wanaweza kukuta kitanda kimoja.
- Nyota zinapangwa na tovuti yenyewe, na zinaweza kutofautiana na zile ambazo hoteli inajitangazia.
- Pointi za uaminifu za hoteli kubwa kwa kawaida huzipati.
- Hoteli nyingine hudai ada ya lazima ya kila usiku, jambo ambalo limezoeleka Las Vegas, na ukitaka kuegesha gari unalipa tena.

Kuhusu ada za lazima, Marekani imebana kidogo. Tangu Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi kuonyesha bei kamili yenye ada hizo tangu mwanzo. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, kabla hujalipa.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine: viza. Anayeomba viza ya Schengen hutakiwa kuonyesha atalala wapi. Akikimbilia chumba cha siri kwa sababu ni rahisi kisha viza ikakataliwa, amepoteza ada ya viza na pesa ya hoteli pia. Kwa hatua hiyo, chumba kinachoweza kufutwa bila gharama ni salama zaidi hata kama bei yake iko juu.

Piga hesabu kwanza

Tuseme hoteli zenye hadhi inayofanana katika mtaa huo zinauza chumba kwa dola 150, na cha siri kinatangazwa kwa dola 110 kikiwa na maandishi makubwa ya "punguzo la nusu bei". Nusu ya nini? Huenda ni ya bei ya juu ambayo siku hiyo hakuna anayeilipa. Punguzo lako halisi ni dola 40, na kodi ikiongezwa upande mmoja tu wa hesabu, linapungua zaidi.

Linganisha basi jumla na jumla, ukurasa wa mwisho wa malipo kwa ukurasa wa mwisho. Kisha tazama dalili zinazoachwa wazi. Alama za wageni, mtaa, na kama kuna bwawa au maegesho mara nyingi hubakisha hoteli mbili au tatu tu. Priceline yenyewe ina ofa inayotaja hoteli tatu, ukijua utapata mojawapo.

Ukiweza kulala katika yoyote kati ya hizo bila kulalamika, na safari yako haina shaka, lipa. Ikiwa kuna moja tu kati yake usiyoitaka kabisa, acha, maana huenda ndiyo utakayopewa.