Arusi ya Jabalini Isimsahau Nyanya

Zamani arusi ilikuwa na mahali pake: uani kwa wazazi, kanisani au msikitini. Siku hizi vijana wengi wanapenda kuoana nje, mahali penye mandhari yanayosimulia maisha yao. Wapo waliojuana wakikwea majabali, mmoja akimshikia mwenzake kamba. Ukiwauliza hao wataoania wapi, watakutajia Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, penye magenge mekundu na Mnara wa Fischer, jabali lililosimama peke yake, urefu wake yapata mita 25.

Sina ugomvi nao. Aliyekabidhi uhai wake kwa kamba iliyoshikwa na mwenzake huenda anaielewa maana ya kiapo cha ndoa kuliko wengi wetu tulioapa juu ya zulia.

Hoja yangu ni kwamba mkwezi huchagua mahali kwa jicho la mkwezi, ilhali wageni wake wengi si wakwezi. Kwake yeye, mwendo wa nusu saa juu ya mawe ni matembezi. Kwa nyanya mwenye mkongojo ni adhabu. Genge analoliona kuwa pambo laweza kuangusha jiwe juu ya hema. Hata tumbusi wanaotaga magengeni wana haki ya kutotishwa na vipaza sauti.

Lililo zito zaidi ni maji. Korongo la Hell's Gate ni jembamba, na hupendeza mno katika picha. Lakini mwezi wa Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua humo vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi. Septemba 2019 mafuriko yakaua tena watu saba. Mvua huweza kunyesha mbali, na aliye korongoni akafikiwa na maji angali amesimama juani. Wala haitoshi kusema, "Tumechagua mwezi usio wa mvua," kwani Septemba si masika wala vuli. Mkwezi hodari labda atapata pa kushika. Je, aliyevaa gauni refu na aliyebeba mtoto watashika nini?

Basi, kabla ya kuchapisha kadi, nendeni mahali hapo pamoja na mzee mmoja na mtoto mmoja, saa ile ile ya arusi. Tazameni gari litafika wapi, kivuli kitakuwa upande gani, na mgonjwa atatolewa kwa njia ipi. Waulizeni askari wa mbuga na waongozaji wenyeji. Kisha hema lipigwe uwandani, mbali na korongo na mbali na genge, jabali lionekane kwa nyuma.

Watasema, "Siku ni yetu." Naam, ni yenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili tu. Wanaotamani kuapa kileleni na wampandishe mfungishaji ndoa na mashahidi wawili wanaoijua kamba, kisha washuke waje kula nasi. Lakini ukialika kijiji kizima, mahali pa arusi hapapimwi kwa mguu wako, bali kwa mguu wa nyanya yako. Mkwezi hukagua kamba kabla ya kupanda. Hawezi kushindwa kukagua mahali kabla ya kualika.