Mfereji wa maji usifute historia ya mukuba

Wandugu vijana wa Likasi, kila mara banapochimba mfereji wa bomba ao wa kebo ya umeme ku Kikula, Panda ao Shituru, tunauliza swali moja tu: maji itafika lini? Tuongeze la pili: ni nini imetoka chini?

Mukuba wa hapa haukuanza na Union Minière. Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, alipopita Katanga mwaka 1892 alikuta mashimo ambayo babu zetu walikuwa wamechimba zamani. Kampuni iliundwa 1906, ikafuata mashimo yale yale. Halafu eti Wazungu ndio waligundua!

Ushahidi uko chini ya miguu yetu, na mara nyingi si mbali: mawe meusi mazito yaliyobaki tanuruni, mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, vipande vya vyungu, pengine msalaba mdogo wa shaba. Mfereji wa bomba unatosha kabisa kuvivunja.

Na msalaba ukiuzwa barabarani unabaki chuma tu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wanaarkeolojia walichimba makaburi kuanzia 1957, na Pierre de Maret akachimba tena 1974. Waliandika kila msalaba ulikutwa katika kaburi gani. Ndiyo sababu leo tunajua misalaba ilipungua ukubwa karne kwa karne, mpaka ikawa feza ya kununulia vitu. Bila kaburi lake, msalaba haungesema hayo.

Batatujibu: batu banakosa maji, nanyi mnaleta mambo ya vyungu? Siye pia tunabeba mabido. Kukagua njia ya mfereji mbele ya kuchimba ni kazi ya siku chache, na makumbusho ya taifa iko Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Si chungu kinachochelewesha maji.

Ordonansi-sheria 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Sheria ya madini ya 2002 inamukataza mwenye mgodi kuhamisha vitu hivyo, na inamutaka aandikie wakubwa wa utamaduni bila kukawia. Tunaomba mairie iweke sharti hilo hilo katika kila kontra ya bomba na kebo, na wachimbaji waelezwe mbele ya kushika chepeo.

Nawe ukiona kitu ndani ya mfereji, usikiondoe. Piga foto, andika jina la avenue na namba ya nyumba ya karibu, umujulishe shefu wa kartie siku hiyo hiyo, na ututumie kopi.