Kioo cha gari si pambo

Lori la kokoto likipita kasi katika Barabara ya Morogoro, jiwe moja linatosha. Kioo cha mbele kinapata alama ndogo kama punje ya mtama, na dereva anaendelea na safari. Baada ya siku kadhaa za jua kali na matuta, ufa umefika upande wa abiria.

Wengi huzoea kuendesha hivyo hivyo. Ni hatari. Kioo hicho ni tabaka mbili zilizoshikamanishwa na utando wa plastiki, na katika magari mengi husaidia kushikilia paa gari linapopinduka, na pia huegemewa na mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka.

Kioo kikibadilishwa, mwenye bima ndogo atalipa mwenyewe, kwa kuwa bima hiyo hufidia madhara aliyowasababishia wengine. Mwenye bima kubwa kwa kawaida ana haki ya kudai, lakini mkataba mara nyingi huweka kikomo cha malipo ya kioo. Hapo ndipo watu hushtuka: wamelipia mwaka mzima bila kuambiwa kikomo hicho.

Wakala anapaswa kukitaja siku ya kuuza bima, kwa Kiswahili na kwa tarakimu. Dereva naye apige picha, atoe taarifa mapema na asubiri idhini kabla fundi hajang'oa kioo. Gundi nayo ipewe saa zake za kukauka. Gari lisitolewe gereji gundi ikiwa bado mbichi.